Bunduki ya Kwanza ya Shabaha: Anza na Ndogo

Mtu akishavutiwa na mchezo wa kulenga shabaha, swali lake la kwanza huwa moja: ninunue bunduki gani? Jibu la walimu wa mchezo huu halijabadilika kwa miaka mingi. Nunua bunduki ya bolti inayotumia risasi ya .22, iliyokukaa vyema begani, na fedha inayobaki iende kwenye risasi. Anayeanza huwa halipendi jibu hilo. Amekwisha kuona kwenye video bunduki nyeusi yenye darubini ndefu ikipiga bamba la chuma umbali wa mita 800, na .22 inaonekana kwake kama kitu cha watoto. Lakini wanariadha wanaowania medali za Olimpiki katika bunduki ya mita 50 hutumia risasi hiyo hiyo ya .22, na duara la alama kumi wanalolilenga lina upana wa milimita 10.4 tu.

Kabla ya duka, karatasi

Kenya husimamia silaha kwa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayetoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na ombi huanzia polisi. Kote kuwili, kumiliki bunduki si haki ya kila mwenye fedha. Utaulizwa unaitaka kwa kazi gani, utachunguzwa mwenendo wako, na utatakiwa kuonyesha utaiweka wapi. Na hata ukikipata, cheti hakikai milele bila kuguswa: kati ya mwisho wa 2018 na mwanzo wa 2019, Wakenya waliokuwa na vyeti waliitwa wote wakaguliwe upya.

Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba kibali hakimpi mtu ruhusa ya jumla ya kununua silaha yoyote. Huitaja bunduki yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Kwa hiyo uamuzi wa bunduki gani na risasi gani unatakiwa uwe umeiva kabla ya fomu kujazwa. Ukijaza kwanza ukafikiri baadaye, utarudi kwenye foleni ile ile kuomba mabadiliko.

Njia salama ni klabu. Karibu na Nairobi, uwanja wa Kirigiti kule Kiambu unajulikana, ingawa wengi waendao huko hupiga bastola. Klabu nzuri itakupa bunduki yake uitumie chini ya jicho la msimamizi, na humo utapiga za aina mbalimbali kabla ya kutoa hata senti. Klabu ikikuhimiza kununua bunduki siku ya kwanza, tafuta nyingine.

Walio ughaibuni nao wana yao. Uingereza humtaka mgeni wa klabu iliyoidhinishwa apitie kipindi cha majaribio kabla ya kuwa mwanachama kamili, na tangu sheria ya 1988 bunduki za kujijaza zenyewe zimepigwa marufuku kwa raia, isipokuwa za risasi ya .22 yenye fataki ukingoni. Marekani inaonekana nyepesi, lakini ina mtego: mwenye viza ya muda, kama ile ya mwanafunzi, kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya shirikisho kumiliki wala kushika bunduki, hata ya kukodi uwanjani, ila kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Rafiki mwenye uraia akikualika twende tukapige kidogo Jumamosi, anaweza asijue kwamba anakuweka pabaya. Mwenye kadi ya kijani hana shida hiyo.

Kwa nini .22

Risasi ya .22 ndefu, ile inayoandikwa 22 LR, ilitoka mwaka 1887 katika kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo. Kipenyo chake ni milimita 5.6. Kichwa cha kawaida cha risasi kina uzito wa greini 40, yaani gramu 2.6. Fataki yake haikai katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa. Imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili moto ushike. Ndiyo maana ganda lake halijazwi tena likishapigwa, na ndiyo maana pia ni rahisi kulitengeneza, hivyo bei yake iko chini kuliko ya ndugu zake wakubwa.

Bei ni sababu ya pili. Ya kwanza ni teke. Bunduki ya risasi ya .308, ambayo wauzaji hupenda kuwashikisha wageni, hupiga teke linalosikika mpaka kwenye meno, na mlio wake unatikisa kifua. Mwili wa binadamu una akili yake: ukishapigwa mara kadhaa, huanza kujihami kabla ya mlio. Bega husogea mbele, jicho hufumba, kidole huvuta triga kwa ghafla. Mlengaji mwenyewe hajui. Mwalimu huufichua ugonjwa huu kwa kuchanganya risasi bandia na za kweli ndani ya magazini bila kumwambia mwanafunzi. Zamu ya bandia ikifika, triga inavutwa, hakuna mlio, na mdomo wa mtutu unaonekana wazi ukiinama chini sentimita kadhaa. Hapo hakuna ubishi tena. Kuitoa tabia hiyo ikishaingia huchukua miezi. Kwenye .22 huingia kwa nadra, kwa kuwa teke lenyewe halipo la kutaja.

Halafu kuna uwanja. Viwanja vingi vina urefu wa mita 50 au 100, na kwa umbali huo .22 inakuonyesha kila kosa lako. Kichwa chake huenda polepole, kwa hiyo hukaa muda mrefu kidogo ndani ya mtutu baada ya triga kuvutwa. Ukitikisika ndani ya muda huo, tundu kwenye karatasi litakusema. Upepo nao huisukuma kuliko inavyosukumwa risasi kubwa, na mtu aliyejifunza kusoma nyasi na vibendera kwa .22 hana cha kujifunza upya akihamia mita 300.

Bunduki ya upepo ya milimita 4.5 ni mlango mwingine mzuri. Haina baruti, hupigwa kwa mita 10, na duara la kumi katika shabaha yake ya Olimpiki ni kitone cha nusu milimita. Ila usiichukulie kuwa ni ya kuchezea: muulize ofisa wa leseni kabla ya kuinunua au kuiingiza nchini.

Bolti, triga na kitako

Bunduki ya kujijaza yenyewe, kama Ruger 10/22 iliyotoka 1964 na kuuzwa kwa mamilioni, ni bunduki nzuri, lakini si ya mwanafunzi wa shabaha. Inamvuta mtu apige haraka. Bolti inakulazimisha usimame kila baada ya risasi moja: fungua, ganda litoke, sukuma, funga, pumua, lenga. Msimamizi naye akitazama kutoka nyuma anaona mara moja kama bolti iko wazi na chemba iko tupu.

Majina yenye sifa katika daraja la kuanzia ni CZ ya Ucheki, ambayo 457 yake inapendwa sana, Tikka T1x ya Ufini na Savage Mark II ya Marekani. Juu yao wako Anschütz wa Ulm, Ujerumani, kiwanda kilichoanzishwa 1856. Bunduki zao za mashindano zimejaa kwenye picha za washindi, na bei yake ni ya washindi vilevile. Usianzie huko.

Usidanganyike na urefu wa mtutu. Baruti ya .22 ni kidogo, na kufikia kama sentimita 40 za mtutu imekwisha kufanya kazi yake. Mtutu mrefu zaidi hauongezi kasi ya maana. Unachokupa ni uzito wa mbele unaotuliza mkono na, kwa anayelenga kwa alama za chuma, nafasi kubwa kati ya alama ya nyuma na ya mbele.

Kinachostahili muda wako dukani ni jinsi bunduki inavyokukaa. Hakikisha kwa macho yako kwamba chemba ni tupu, elekeza mtutu pale muuzaji anapokuonyesha pana usalama, kisha fumba macho yote mawili na ulete kitako begani kama unavyojisikia raha. Fumbua. Jicho lako likiwa nyuma ya katikati ya darubini, bila wewe kuinua shingo wala kubana shavu, bunduki hiyo imekukubali. Ukijikuta unaitafuta picha, kitako ni kirefu au kifupi, au sehemu ya shavu iko chini. Vitako vingi vya kiwandani vimekatwa kwa mwanamume wa wastani wa Ulaya au Marekani. Wanawake na vijana mara nyingi huhitaji kifupi zaidi. Bunduki yenye vibao vya kuongeza na kupunguza urefu inafaa kwa familia ambayo watu wawili wataitumia kihalali.

Jipime pia jicho. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja uache kitundu kidogo, na kwa macho yote mawili itazame saa ya ukutani kupitia kitundu hicho. Sasa fumba jicho la kushoto. Saa ikibaki, jicho lako kuu ni la kulia. Ikitoweka, ni la kushoto. Kuna watu wanaoandika kwa mkono wa kulia huku jicho lao kuu ni la kushoto, na wamehangaika bila kujua sababu. Hao wajaribu bega la kushoto mapema, kabla mazoea hayajakomaa, na watafute bolti ya upande huo.

Triga nzuri huachia kwa uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, bila kukwaruza wala kuburuta. Muuzaji akikuruhusu kuijaribu, mwombe risasi bandia kwanza. Bunduki ya .22 ikifyatuliwa tupu, pini yake yaweza kugonga ukingo wa chemba na kuacha alama, na alama hiyo ikikua, maganda huanza kukwama.

Ukinunua iliyotumika, angalia mdomo wa mtutu kwa makini. Hapo ndipo kichwa cha risasi kinapoaga, na mkwaruzo mdogo upande mmoja hukisukuma pembeni. Pitisha pamba kuzunguka ukingo. Ikiacha nyuzi mahali, pana mkwaruzo. Mulika tochi kutoka nyuma uone mifereji ya ndani kama inang'aa au ina vidoa vya kutu. Na hakikisha namba iliyopigwa kwenye chuma ndiyo iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Isipolingana, ondoka.

Risasi: acha mtutu uchague

Hapa ndipo wanaoanza hupoteza fedha. Hununua sanduku lenye maandishi makubwa ya kasi, wakidhani kasi ni ubora. Kwa shabaha ni kinyume. Risasi ya kasi ya .22 hutoka kwenye mtutu ikiwa na mita zipatazo 375 kwa sekunde, juu ya kasi ya sauti, ambayo kwenye hewa ya nyuzi 20 ni mita 343. Kabla ya kufika shabaha ya mita 100 huwa imeshuka chini ya kasi ya sauti, na katika kuvuka mpaka huo kichwa huyumba. Risasi ya kawaida ya shabaha hutoka na mita 320 hadi 330 hivi, chini ya sauti tangu mwanzo, na hupita kimya kimya mpaka kwenye karatasi. Kwa hiyo tafuta sanduku lililoandikwa kasi ya kawaida au la mashindano, kichwa cha greini 40, risasi tupu isiyovishwa shaba.

Majina hayakosekani: CCI ya Marekani katika bei ya chini, SK na Lapua zinazotengenezwa Ujerumani, Eley ya Birmingham ambayo Tenex yake hutumika katika mashindano ya juu kabisa. Bunduki mbili za aina moja, zilizotoka kiwandani kwa kufuatana, zaweza kupenda risasi tofauti. Hakuna anayeweza kukuambia yako itapenda ipi, hata aliyekuuzia. Inabidi uiulize yenyewe.

Namna ya kuiuliza ni hii. Nunua sanduku moja moja la aina nne au tano. Kila sanduku huwa na risasi 50. Chagua asubuhi isiyo na upepo. Weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga mezani, shabaha kwa mita 50. Ukianza aina mpya, piga kumi za bure kwanza, kwa sababu vichwa vya risasi hupakwa grisi au nta, na mtutu huhitaji kuzoea mafuta mapya kabla haujasema ukweli. Kisha piga makundi matatu ya risasi tano tano. Kwa kila kundi pima kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa tundu lililo mbali zaidi nalo, utoe milimita 5.6. Andika kwenye karatasi yenyewe aina ya risasi na tarehe. Usichague kwa kundi moja lililotokea zuri. Tazama wastani wa matatu. Bunduki ya daraja la kuanzia inayotia tano ndani ya milimita 20 kwa risasi ya bei ya kati inatosha kabisa kwa miaka yako ya mwanzo, na huenda ikakuzidi wewe kwa muda mrefu.

Ukiipata inayopendwa, soma namba ya toleo iliyopigwa kwenye sanduku, kisha nunua nyingi za namba hiyo hiyo kadiri kibali chako kinavyoruhusu. Toleo jipya, hata la jina lile lile, ni la kupimwa upya.

Fanya na hesabu ya mwaka. Anayepiga risasi 100 kila aendapo, mara mbili kwa mwezi, anamaliza 2,400 kwa mwaka, yaani masanduku 48. Ukizidisha kwa bei ya duka lililo karibu nawe utaona mara moja kwa nini haifai kuitia akiba yote kwenye bunduki. Mwenye bunduki ya kawaida na risasi za kutosha atampita mwenye bunduki ya kifahari anayepiga mara moja kwa robo mwaka. Hilo sina shaka nalo.

Onyo moja kuhusu majina yanayofanana: 22 LR na 22 Magnum si kitu kimoja. Magnum ina ganda nene na haiingii kwenye chemba ya LR, lakini LR huteleza ndani ya chemba ya Magnum ikiwa imelegea, na ikipigwa ganda laweza kupasuka na kurusha moto na vipande. Soma maandishi kwenye mtutu, soma sanduku, yalingane.

Joto na chumvi

Bunduki za Ulaya hazikutengenezwa zikiwaza Tanga au Malindi. Hewa ya chumvi hula chuma usiku mmoja, hasa pale jasho la mkono lilipogusa. Futa mtutu na bolti kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya kushika, hata kama hukupiga. Mfuko wa kitambaa si mahali pa kuhifadhi. Hunyonya unyevu na kuubakiza kwenye chuma. Risasi nazo zisiachwe ndani ya gari juani. Grisi ya vichwani huyeyuka, mchanga hunata, na mchanga huo wote unapita ndani ya mtutu wako. Ziweke kwenye debe la chuma linalofunga, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Bunduki ikae kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa skrubu ukutani, risasi mahali pengine penye kufuli lake, na funguo asizijue mtoto wala mgeni. Kusafisha, pitisha kamba au ufito kutoka upande wa chemba kuelekea mdomoni, na usizidishe: mitutu ya .22 huharibiwa na ufito wa hovyo kuliko na masizi.

Uwanjani

Wanaoona .22 kuwa ndogo wasome ubavu wa sanduku. Viwanda vingi huandika hapo kwamba risasi hii ni hatari hadi maili moja na nusu, yaani zaidi ya kilomita mbili. Chupa juu ya ukuta wa shamba, kopo mbele ya mti, jiwe mtoni: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuia risasi, na juu ya maji na mawe huruka kwenda isikojulikana. Panapofaa ni kwenye tuta la udongo lililojengwa kwa kazi hiyo. Nyingine unazijua: kila bunduki ichukulie kuwa imejazwa, mtutu usielekee usichotaka kukiharibu, kidole kikae nje ya triga hadi umelenga, na ujue kilicho nyuma ya shabaha.

Risasi ikigoma, usifungue bolti kwa pupa. Acha mtutu ukitazama tuta, hesabu sekunde 30, ndipo utoe. Ikitoa mlio dhaifu kuliko kawaida, simama, ondoa risasi zote na uchungulie mtutu kutoka upande wa chemba. Huenda kichwa kimekwama ndani, na cha pili kikifuata chaweza kuupasua.

Mlio wa .22 hukaribia desibeli 140, kiwango kinachodhuru sikio kwa pigo moja, kwa hiyo viziba masikio ni lazima hata kama wazee wa klabu hawavivai. Miwani vilevile. Kichwa cha risasi na moshi wa fataki vina madini ya risasi, yaliyo sumu: usile wala kuvuta sigara uwanjani, nawa kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kushika chakula, na nguo za uwanjani zisifuliwe pamoja na za watoto. Mjamzito ajiweke mbali na viwanja vya ndani.

Siku ya kwanza klabuni nenda na kitambulisho, viatu vilivyofungwa, miwani na viziba masikio, bila bunduki. Omba .22 ya klabu na masanduku mawili ya risasi, na umwambie msimamizi asimame karibu.